Kuharibika kwa diski kuu

Kuharibika kwa diski kuu ni hali ambapo diski kuu ya kompyuta (pia: diski ngumu, kwa mafundi wengi wa Afrika Mashariki: hadidiski) inashindwa, ghafla au polepole, kusoma na kuandika data kwa uhakika. Hali hii huzikuta diski za kampuni zote, kwa kuwa diski ya sumaku ni mashine yenye sehemu zinazozunguka na kuchakaa. Kompyuta yenyewe hupona kwa kuwekewa diski nyingine. Data zilizokuwemo haziuzwi dukani.

Makala hii inahusu hasa kompyuta ya mezani katika mazingira kama ya Bukundi, kata ya wilaya ya Meatu katika mkoa wa Simiyu, Tanzania. Katika maeneo ya vijijini kompyuta moja inaweza kutumikia ofisi nzima. Ndani yake mna majina na alama za wanafunzi, mihtasari ya vikao, hesabu za chama cha msingi cha wakulima wa pamba, au picha za harusi na vipaimara ambazo mwenye steshenari hajawapa bado wateja. Mara nyingi hakuna nakala nyingine popote, na fundi mwenye vifaa vya kuokoa data hayupo kijijini. Kwa hiyo jambo linaloamua zaidi ni kile ambacho mtumiaji mwenyewe anafanya, au anaacha kufanya, katika saa za kwanza.

Muundo

Diski kuu ya kwanza kuuzwa ilikuwa IBM 350, sehemu ya kompyuta ya RAMAC 305 iliyotangazwa nchini Marekani mwezi Septemba 1956. Ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 na ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Diski ya inchi 3.5, ambayo ndiyo ya kawaida katika kompyuta za mezani, ililetwa mwaka 1983 na kampuni ya Rodime ya Uskoti.

Ndani ya kasha lake mna sahani moja au zaidi zilizopakwa utando wa sumaku. Mota huzizungusha kwa mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kwa mizunguko 7,200 ukingo wa sahani hupita chini ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 120 kwa saa, mwendo ambao basi la abiria haliruhusiwi kuufikia katika barabara za Tanzania. Kichwa hakigusi sahani. Huelea juu ya hewa inayosukumwa na mzunguko wenyewe, kwa pengo la nanomita chache tu. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko pengo hilo mara maelfu kadhaa. Diski ikigongwa wakati inazunguka, kichwa kinaweza kuparuza sahani, na palipoparuzwa hapasomeki tena.

Data huandikwa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, vya baiti 512 katika diski za zamani na baiti 4,096 katika nyingi za sasa. Kila diski huwa na sekta za akiba. Sekta ikidhoofika, diski huiacha na kutumia ya akiba mahali pake bila kumwambia mtumiaji. Ndiyo maana diski inaweza kuugua kwa miezi huku ikionekana nzima.

Nje ya kasha, upande wa chini, kuna bodi ya elektroniki. Diski ya inchi 3.5 hupokea umeme wa namna mbili kutoka kisanduku cha umeme cha kompyuta: volti 5 kwa elektroniki na volti 12 kwa mota.

Sababu

Sababu ya kwanza ni uchakavu, ambao hauna dawa. Watengenezaji hutaja katika karatasi zao viwango vya kuharibika vilivyo chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Utafiti wa Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, uliotolewa mwaka 2007, uliona kwamba katika matumizi halisi diski zilizobadilishwa zilikuwa kwa kawaida asilimia 2 hadi 4 kwa mwaka, na mahali pengine zilifika asilimia 13. Hizo zilikuwa diski za vituo vikubwa vya kompyuta, vyenye umeme thabiti na vipoza hewa.

Sababu ya pili ni umeme. Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230, lakini katika ncha ya laini ndefu ya kijijini unaweza kushuka na kupanda. Watu wengi huogopa kukatika kwa umeme. Kukatika kwenyewe huharibu zaidi mpangilio wa mafaili kuliko diski: diski za kisasa hutumia nguvu ya sahani zinazoendelea kuzunguka kurudisha vichwa mahali pake pa kupumzikia. Faili lililokuwa likiandikwa ndilo linaloumia. Hatari kubwa kwa kifaa ni umeme unaporudi kwa kishindo, au unapokatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja. Kuchomoa plagi umeme ukikatika, na kusubiri utulie kabla ya kuichomeka tena, ni kinga isiyo na gharama. Hivyo hivyo wakati wa ngurumo, kwani Kanda ya Ziwa hupata radi nyingi. Waya wa intaneti au wa antena ulioungwa na kompyuta nao uchomolewe.

Stabilaiza husawazisha volti lakini haishiki umeme unapokatika. Kazi hiyo ni ya UPS, na UPS ambayo betri yake imekufa ni soketi ya kawaida yenye taa. Betri hizo hudumu miaka michache tu. Kuzijaribu ni rahisi: kazi zote zikiwa zimehifadhiwa, plagi ya UPS huchomolewa ukutani na kuangaliwa kompyuta inabaki hai kwa dakika ngapi.

Kuhusu vumbi kuna kutoelewana. Katika nyanda kavu za Meatu, miezi ya kiangazi, vumbi huingia kila mahali, na diski ikifa husemwa kwamba vumbi limeingia ndani yake. Kwa kawaida haliingii. Tundu dogo la kupumulia la diski lina kichujio kinachozuia hata chembe za moshi. Vumbi huua kwa njia ya kuzunguka: huziba feni na matundu ya kasha la kompyuta, joto linapanda, na kisanduku cha umeme kinaanza kutoa volti zisizo sawa. Diski nyingi za mezani zina kikomo cha nyuzi 60 za selsiasi. Kusafisha feni kila baada ya miezi michache kwa brashi laini, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa, kunatosha. Kufunika kompyuta kwa kitambaa ni vizuri ikiwa imezimwa. Kuifunika ikiwa inafanya kazi ni kuipika.

Mwisho ni mishtuko: mguu unaogonga kasha chini ya meza, au kompyuta inayosogezwa bila kuzimwa.

Dalili

Dalili iliyo wazi kuliko zote ni sauti. Diski nzima hutoa mvumo hafifu na mikwaruzo midogo inapofanya kazi. Diski ambayo vichwa vyake vimeharibika hugonga tik, tik, tik kwa mpangilio, kwa sababu mkono unatafuta alama za mwelekeo kwenye sahani, haupati, unarudi mwanzo na kujaribu tena. Sauti ya kukwaruza mfululizo ni mbaya zaidi. Diski iliyo kimya kabisa, isiyotetemeka hata kidogo inapoguswa, ama haipati umeme, ama bodi yake imeungua, ama mota au vichwa vimekwama.

Dalili nyingine huja polepole. Kufungua folda moja kunachukua dakika nzima wakati nyingine zinafunguka mara moja. Kompyuta inaganda, taa ya diski ikiwaka bila kuzima, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kunakili kunasimama kila mara katika faili lile lile. Mfumo wa uendeshaji unataka kukagua diski kila unapowashwa. Picha zinafunguka nusu juu na nusu ya chini ikiwa kijivu. Siku moja kompyuta inasema haioni diski ya kuwakia, ikizimwa na kuwashwa inaiona. Hapo watu wengi hufurahi na kuendelea na kazi, na ndipo wanapopoteza nafasi yao ya mwisho.

Si kila usumbufu ni diski. Kebo ya SATA iliyolegea hutoa dalili zilezile, na kuibadilisha ni kazi ya dakika tano. Kisanduku cha umeme kilichochoka kinaweza kuifanya diski nzima ijizime na kujiwasha. RAM mbovu huharibu mafaili wakati wa kunakiliwa. Virusi vinavyosambaa kwa flashi huficha folda na kuweka njia za mkato mahali pake, mtumiaji akidhani data zimefutika kumbe zipo, zimefichwa tu. Kwa sababu hiyo fundi mwangalifu huanza na kebo, kisha tundu jingine la SATA kwenye bodi mama, kisha kisanduku kingine cha umeme, kabla ya kuilaumu diski. Kanuni hii ina hali moja ambayo haihusiki: diski inayogonga. Hiyo haijaribiwi mara kumi kwa kebo kumi, kwa sababu kila kuiwasha kunaweza kuzidisha mikwaruzo.

Taarifa za SMART

Diski karibu zote zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hujipima zenyewe na kuweka kumbukumbu zinazoitwa SMART. Kumbukumbu hizo husomwa kwa programu za bure kama CrystalDiskInfo katika Windows au smartmontools katika Linux. Orodha ni ndefu na nyingi ya namba zake hazimsaidii mtu wa kawaida. Zinazostahili kutazamwa ni chache.

Namba 5 huhesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa na za akiba. Namba 197 huhesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuziamulia. Namba 198 huhesabu zile zilizoshindikana kabisa katika ukaguzi. Katika diski yenye afya zote tatu ni sifuri. Sekta mbili tatu zilizobadilishwa na ambazo haziongezeki kwa miezi si dharura, lakini hesabu inayopanda wiki hadi wiki ni taarifa ya kifo. Namba 199 ni tofauti: huhesabu makosa katika safari ya data kati ya diski na bodi mama, na ikipanda peke yake lawama kwa kawaida ni ya kebo. Namba 9 hutaja saa ambazo diski imewashwa maishani mwake.

Programu nyingi hutoa hukumu ya jumla, nzuri au mbaya. Hukumu ya mbaya iaminiwe. Hukumu ya nzuri ina thamani ndogo zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikipata kosa la kwanza la ukaguzi, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa hilo. Lakini pia waliona kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha lolote katika viashiria vinne vilivyo na nguvu zaidi. Diski huweza kufa bila kuaga.

Hatua za kwanza

Dalili zikionekana, kazi ya kawaida husimama. Hakuna kuandika barua moja ya mwisho, kuchapa mtihani wa kesho, wala kusasisha programu. Kila kinachoandikwa huisukuma diski, na kinaweza kukaa juu ya data zilizofutika ambazo bado zingeokolewa.

Kinachofuata hutegemea hali. Diski ikigonga, ikikwaruza au isipozunguka, kompyuta huzimwa na kubaki imezimwa. Hiyo ni kazi ya mtaalamu mwenye chumba kisicho na vumbi, na uamuzi uliobaki ni kama data zina thamani ya gharama hiyo. Diski ikizunguka kwa sauti ya kawaida na kuonekana, ingawa ni ya polepole, data hunakiliwa nje mara moja. Mafaili yasiyoweza kupatikana tena hutangulia: nyaraka, hesabu, picha. Filamu na nyimbo, ambazo kwa vibanda vya kujazia flashi huchukua sehemu kubwa ya diski, husubiri. Windows na programu zake hazinakiliwi kabisa kwa kuwa huwekwa upya. Mara nyingi vitu vyenye thamani kweli hutosha kwenye flashi moja, na mtu aliyelijua hilo mapema angekuwa nayo tayari kwenye kabati.

Katika hatua hii Windows huweza kuuliza kama inafaa kufomati diski ili itumike, au kuianzisha upya. Jibu ni hapana, kila mara. Kufomati huandika orodha mpya tupu ya mafaili juu ya ile ya zamani.

Kosa linalorudiwa sana, hata na mafundi wazuri wa mambo mengine, ni kuanza na amri ya chkdsk. Amri hiyo ilitengenezwa kurekebisha mpangilio wa mafaili katika diski nzima. Juu ya diski inayokufa huisomesha kwa saa nyingi, na inapokuta orodha isiyosomeka inaweza kuyang'oa mafaili katika folda zake na kuyaacha kama vipande visivyo na majina katika folda ya found.000. Mahali pake ni baada ya data kunakiliwa.

Kunakili diski nzima

Kunakili faili moja moja kukikwama, njia bora ni kuchukua nakala ya sekta kwa sekta, kisha kutafuta mafaili ndani ya nakala badala ya ndani ya mgonjwa. Programu inayotumika sana ni GNU ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Ni ya bure na huendeshwa kutoka Linux iliyowashwa kwa flashi, kwa hiyo Windows iliyo katika diski mbovu haihitaji kuwaka.

Ubora wa ddrescue uko katika utaratibu wake. Programu ya kawaida ikikutana na sekta mbovu hung'ang'ania hapo. Hii huruka, hukusanya kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, kisha hurudi kwa sehemu ngumu mwishoni, wakati tayari kilicho kingi kiko salama. Tena huandika ramani ya ilipofikia. Umeme ukikatika katikati, kazi huendelea kutoka hapo hapo pale umeme unaporudi, mradi ramani ilihifadhiwa nje ya diski mbovu. Kwa mazingira ya vijijini hiyo ni sifa kubwa kuliko zote.

Mambo mawili huhitaji uangalifu. Kwanza, diski ya kupokelea iwe na ukubwa ulio sawa au zaidi. Diski ya GB 500 haiingii katika nyingine ya GB 500 iliyo pungufu hata kwa sekta chache. Pili, mpangilio wa majina. Ukitajwa mgonjwa mahali pa mpokeaji, diski mpya tupu huandikwa juu ya data zote, na hapo hakuna wa kulaumu diski. Namba ya utambulisho ya mtengenezaji iliyobandikwa juu ya kila diski hulinganishwa na inayoonekana katika kioo kabla ya kubonyeza kitufe.

Muda nao hukadiriwa. Diski nzima ya GB 500 inayosoma MB 100 kwa sekunde humalizika kwa chini ya saa moja na nusu. Diski iliyoshuka hadi MB 1 kwa sekunde inahitaji karibu siku 6 mfululizo. Katika siku hizo feni ya meza ikielekezwa kwenye diski husaidia.

Nakala ikishapatikana, TestDisk huweza kurudisha orodha iliyoharibika ya mafaili, na PhotoRec hutambua picha na nyaraka kwa umbo lake la ndani hata orodha ikiwa imepotea kabisa, ingawa majina ya mafaili hayarudi. Zote mbili ni za bure, kazi ya Mfaransa Christophe Grenier. Mtu mwenye picha 8,000 zisizo na majina atakuwa na kazi ya wiki kadhaa kuzipanga, lakini anazo.

Njia zisizofaa

Kuweka diski kwenye friji ni ushauri wa zamani unaoendelea kusambaa. Ulihusishwa na baadhi ya diski za kale ambazo baridi iliziachia mota zilizokwama. Katika diski ya leo, baridi ikifuatwa na hewa ya joto huleta matone ya maji juu ya sahani.

Kuigonga diski ili ianze ni hivyo hivyo. Mara moja moja huamka, na hadithi ya mara hiyo husimuliwa. Zile nyingine hazisimuliwi.

Kufungua kasha mezani ili kuona tatizo huigeuza kazi inayowezekana kuwa isiyowezekana, kwa kuwa chembe moja ya vumbi ni kubwa mara nyingi kuliko pengo la kichwa. Ni hapo tu ndipo vumbi la Simiyu linapoingia kweli ndani ya diski.

Kubadilisha bodi ya elektroniki kwa ile ya diski nyingine ya aina moja kuliwahi kufanya kazi katika diski za zamani. Katika diski nyingi za tangu katikati ya miaka ya 2000 bodi huwa na chipu yenye vipimo vya diski ile peke yake, na bodi ngeni haiwezi kuisoma mpaka chipu hiyo ihamishwe kwa kutolewa risasi na kulehemiwa upya.

Kumpelekea fundi

Fundi wa kompyuta na mtaalamu wa kuokoa data ni watu wawili tofauti, ingawa bango linaweza kusema vyote. Swali la kumuuliza ni moja: je, atachukua kwanza nakala ya diski nzima? Anayejibu kwamba ataingiza Windows mpya ili ione ana nia njema na atamaliza kila kitu.

Diski husafirishwa ikiwa nje ya kompyuta au ikiwa imefungwa imara ndani yake. Kutoka Bukundi hadi Mwanhuzi, Bariadi au Mwanza, pikipiki na barabara ya changarawe si adui mkubwa kama inavyodhaniwa, kwa kuwa diski iliyozimwa, vichwa vikiwa vimepumzika, huvumilia mshtuko mara kadhaa zaidi ya inayozunguka. Inatosha kuiweka katika mfuko wa kuzuia umeme tuli, kuizungushia nguo nene, na kuibeba mkononi badala ya kuiacha kwenye keria.

Diski ya ofisi hubeba pia siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, huwataka wanaokusanya taarifa za watu kuzilinda. Shule au zahanati inayotoa diski kwa fundi ina sababu ya kuandikiana naye kwa jina, tarehe na namba ya diski, na kuidai diski mbovu irudishwe hata kama imeshindikana.

Diski ya kubadilishia

Kubadilisha ni kazi ya bisibisi: skrubu nne, kebo ya umeme na kebo ya SATA. Kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitumia kebo pana ya IDE, ambayo haiingiliani na SATA bila kigeuzi.

Ugumu uko katika kuchagua. Diski nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu ni za mtumba, zilizotolewa katika kompyuta zilizokwisha kutumika nchi nyingine. Mtumba si mbaya kwa asili yake, lakini usomwe SMART dukani kabla ya kulipia. Ofisi inayofanya kazi saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, huiwasha diski karibu saa 2,500 kwa mwaka. Diski yenye saa 20,000 imeshaifanyia mtu mwingine kazi ya miaka 8. Namba hizo nazo huweza kufutwa: mapema mwaka 2025 iligundulika Ulaya kwamba diski zilizotumika sana zilikuwa zikiuzwa kama mpya baada ya kumbukumbu zake za SMART kurudishwa sifuri.

Mbadala ni SSD, ambayo haina sehemu inayozunguka, haiogopi mtikisiko na huifanya kompyuta kuukuu ionekane mpya. Hata hivyo SSD nayo hufa, na ikifa mara nyingi hunyamaza ghafla bila kugonga wala kupunguza mwendo, na uokoaji wake ni mgumu zaidi. Kwa mwenye bajeti ndogo, SSD ndogo kwa ajili ya mfumo wa uendeshaji na diski ya sumaku kwa ajili ya nakala ni mgawanyo mzuri.

Nakala rudufu

Kanuni inayojulikana zaidi ni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kuhifadhi mtandaoni hutimiza sharti la mwisho, lakini kwa mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde GB 500 zingechukua zaidi ya siku 23 za kupandisha bila kukatika, mbali na gharama ya bando. Kwa hiyo mtandaoni huenda nyaraka na majedwali, ambayo ni madogo, na picha na video hukaa kwenye diski ya nje.

Diski hiyo ya nje ichomolewe baada ya kunakili na ilazwe nyumba nyingine. Ikibaki imechomekwa, radi moja au kirusi kimoja huichukua pamoja na kompyuta. Flashi hufaa kwa kubeba, si kwa kutunza. Zaidi ya hayo sokoni zipo flashi bandia zinazodai ukubwa zisizo nao, ambazo hupokea mafaili yote bila kulalamika na kurudisha machache. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa katika kompyuta nyingine haijulikani kama ipo.

Kuweka diski mbili pamoja kwa mpango wa RAID hulinda dhidi ya kufa kwa diski moja. Hakulindi dhidi ya faili lililofutwa kwa bahati mbaya, kwani hufutika kwenye zote mbili kwa wakati mmoja.

Kuiondoa diski mbovu

Diski iliyoshindwa kwa mmiliki wake inaweza kusomeka kwa mwingine. Mwaka 2009 waandishi wa kipindi cha Frontline cha televisheni ya Marekani walinunua diski kuukuu nchini Ghana na kukuta katika mojawapo nyaraka za mikataba ya serikali ya Marekani. Kufuta mafaili, au kufomati kwa haraka, huondoa orodha tu. Diski ambayo bado inaandika husafishwa kwa programu inayoandika sifuri juu ya kila sekta. Ile isiyoandika tena hutobolewa kwa drili kupitia sahani zote katika sehemu kadhaa, macho yakiwa yamekingwa, kwa kuwa sahani za diski nyingine ni za kioo na huvunjika vipande vikali. Kuichoma moto pamoja na taka za nyumbani hutoa moshi wenye sumu kutoka kwenye bodi; kasha la alumini huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na sumaku mbili zenye nguvu zilizomo hupendwa na mafundi kwa kushikilia skrubu.